Mikono Kumi na Moja, Shingo Moja

Machi 2, Jumapili

Kitabu hiki nimepewa na Milcah, mke wangu, mama wa Mitchelle wetu. Amesema niandike kila mtu niliyemwahidi kitu, kwa sababu, kwa maneno yake, kichwa changu kimekuwa kama droo ya sindano: ukitia mkono unadungwa, na ulichotafuta hukipati. Kichwa changu hakina shida yoyote. Mimi ni Sitati. Nimefuma sweta miaka kumi na tisa katika kile kiwanda kidogo cha nyuma ya reli kabla hakijafungwa, na nyapara alikuwa akizima redio nikikaa kwenye mashine ili wengine wasikie mdundo. Darasa la saba niliacha katikati, si kwa ujinga. Mwalimu alisema mikono yangu imetangulia kichwa. Na neno "sijui" halimo kinywani mwangu, hilo nawaachia watu wa ofisi.

Lakini mke akikupa kitabu, utaandika.

Sasa hivi nina kazi hizi. Celestine, mwenyekiti wa kwaya yetu hapa Bondeni, anataka sweta nne za waimbaji wa mstari wa mbele, rangi ya damu ya mzee, na uzi ameleta mwenyewe. Huyo huyo Celestine anataka vitambaa vya makochi vya kufuma kwa kulabu, vipande saba, rangi ya maziwa, maana wageni wa binti yake wanakuja Mei. Alamin wa duka la spea za baiskeli anataka kofia nyeupe ya Idi yenye mduara wa damu ya mzee. Sweta ya Milcah mwenyewe ina mkono mmoja tangu mwaka juzi. Hizo si nyingi. Mtu wa kawaida angechanganyikiwa.

Machi 3

Jua. Vumbi la kutosha kupanda viazi juu ya kabati. Nimemaliza mkono mmoja wa kwaya. Wa kushoto, nadhani.

Machi 8

Kazi yangu ya mchana ni kukaa langoni pa stoo ya mahindi na kuandika nambari za magari. Gari huja moja asubuhi na moja jioni, katikati nafuma. Watu wakipita hushangaa kuona mwanamume na sindano, basi nawaelezea jinsi nilivyowahi kufuma mkono wa sweta bila kusimama mpaka ukatoka nje ya lango la kiwanda, ukavuka reli, na treni ya mizigo ikasimama kwa adabu. Leo Alamin alinisikia akacheka mpaka akaegemea ukuta.

"Mzee Sitati, na mwenye hiyo sweta alikuwa nani, mlima Menengai?"

"Wewe ngoja kofia yako."

"Mimi nangoja. Idi ndiyo haingoji."

Machi 16, Jumapili

Nerima amekuja kutoka Olenguruone. Huyu ni mtoto wa dada yangu marehemu. Nimemlea tangu akiwa darasa la pili, na mimi kwake ni mjomba na baba na mama, hata kama Milcah ndiye aliyekuwa akimsuka. Ameolewa huko juu kwa Levis, kijana wa watu wa viazi na ng'ombe, mahali ambapo baridi inaingia nyumbani bila kubisha. Ana mimba ya miezi mitano na kidogo. Mwaka juzi alikuwa na nyingine na haikufika. Hiyo hatuizungumzii.

Baada ya chai alifungua mkoba akatoa kardigani ya mama yake. Damu ya mzee, vifungo vinne vya pembe. Miaka kumi na minane sijaiona. Mikono ile ni kazi yangu, naitambua kama sahihi yangu mwenyewe.

"Anko, naomba uifumue, umfumie mtoto sweta."

"Hii? Hii bado nzima, Nerima."

"Si ya kukaa kwa sanduku. Mama Levis amesema siku ya kumtoa mtoto nje kila upande utaleta kitu cha kumfunika. Wao wako wengi, Anko, hata sijawahi kuwahesabu wote. Upande wetu ni wewe tu."

Milcah aliangalia chini. Nerima akaongeza, "Na iwe uzi huu tu. Usichanganye na mwingine. Nataka ashikwe na Mama."

Mtoto anatarajiwa mwanzo wa Julai, katikati ya baridi yenyewe. Nikamwambia, "Utakuwa nayo kabla ya Pasaka. Na baridi ya Olenguruone itanipigia simu kuomba msamaha."

Alicheka. Anacheka kama mama yake, kwa pua.

Machi 17

Tumefumua. Mimi navuta, Milcah anazungusha bonge. Mwili ulikuja vizuri, mikono ilikuja kama maji, lakini shingo ilitusumbua saa nzima. Ilifungwa na Nyongesa, na Nyongesa alikuwa akifunga shingo kama mtu anayefunga mlango wa benki. Huyo Nyongesa tulikaa mabenchi jirani pale kiwandani. Siku hizi yuko mtaa wa Section 58 na hatusalimiani. Kwenye mchango wa matanga fulani, mbele ya watu na wazee wa kanisa, alisema, "Sitati? Sitati hajawahi kumaliza sweta hata moja." Uongo wa mchana. Sitaki kuandika zaidi juu yake.

Mabonge manne yametoka. Uzi uliofumuliwa unajikunja kama nywele za mtoto, kwa hivyo hauwezi kupotea. Vifungo Milcah ameweka mahali pake.

Machi 31

Idi. Alamin ameenda kusali na kofia ya mwaka jana. Nimemwambia yake ni ya Idi ya kuchinja, ndiyo kubwa.

Aprili 4

Nimefuma mikono miwili ya mtoto. Midogo, inaingia vidole vitatu. Niliianza asubuhi na kabla ya gari la jioni ilikuwa tayari. Nikitaka naweza kufanya mkono nikiwa nimelala.

Mwili nitaanza kesho.

Aprili 5

Nimeanza mkono wa kwaya badala yake, ili mkono wangu upumzike kutoka kwa vitu vidogo.

Aprili 12, Jumamosi

Mvua. Imekuja kama imetumwa kudai kitu. Hizi nyumba zetu za zamani za baraza la mji zina mabati yenye matundu kuliko kitambaa cha Celestine, na pale nilipokuwa nimepanga mifuko yangu, kila kazi na mfuko wake, maji yalitiririka mchana kutwa nikiwa kazini. Nimerudi nikakuta mifuko yote mitupu na Milcah ameinama juu ya beseni.

"Umefanya nini, Mama Mitchelle?"

"Nimefua. Vilikuwa vinanuka panya na maji ya bati."

"Vyote pamoja?"

"Ningefua beseni ngapi? Wewe mwenyewe husema unavijua hata kwa giza."

Ni kweli nilisema hivyo.

Aprili 13

Sasa niandike jambo hili polepole kwa sababu linazunguka.

Kwenye kamba nje kuna mikono saba. Minne ya kwaya, mmoja wa Milcah, miwili ya mtoto. Yote ni damu ya mzee isipokuwa wa Milcah, ambao niliuanza wa kijani na katikati uzi ukaisha. Hakuna mwili hata mmoja. Watu wa kutoka kanisani walisimama kuangalia kama ajali.

"Mzee, hiyo ni kwaya gani isiyo na vifua?" Alamin akapaza sauti kutoka dukani.

Nikamjibu kwamba fundi wa kweli hukamilisha mikono kwanza, mwili hufuata mikono kama gari linavyofuata magurudumu. Akasema gari lake yeye lina injini pia.

Hiyo si shida. Shida ni mabonge. Milcah aliyafungua yote ili yakauke, na uzi ukifuliwa ukatundikwa unanyooka. Nilikuwa na mabonge matatu na nusu ya dada yangu yaliyojikunja na matano ya kwaya yaliyonyooka. Sasa nina mabonge manane na nusu, yote yamenyooka, yote rangi moja. Nimeyashika moja moja. Nimeyanusa. Nimeyaweka shavuni. Milcah akauliza natafuta nini. Nikamwambia nayasalimia.

Mkono wa miaka kumi na tisa hauwezi kudanganywa na uzi. Nimechagua matatu na nusu kwa kupima uzito. Hayo ndiyo ya Nerima. Nina hakika.

Aprili 14

Nimebadilisha. Ni yale mengine.

Aprili 20, Pasaka

Nerima amepiga simu. "Anko, imefika wapi?"

"Imebaki shingo tu."

"Aki asante! Nimewaambia hapa. Mama Levis anasema ukija utachinjiwa kondoo."

Nimeweka simu chini. Mvua haijasimama.

Aprili 26

Cheptanui anayeleta maziwa ameuliza kama naweza kumfumia skafu. Nimesema naweza. Milcah alikuwa mlangoni. Aliinua kitabu hiki mezani akakigonga kwa kidole, mara mbili.

Nimeandika basi. Cheptanui, skafu.

Mei 3

Nimeanza mwili wa sweta ya mtoto. Mishono hamsini na sita, halafu gari likaja, halafu hamsini na tisa. Nimefumua. Nimeanza tena. Mstari wa nane ulikuwa na sitini na mbili, ingawa nakumbuka vizuri kwamba sikuongeza. Hii mvua inaingia hata kwenye hesabu. Kiwandani mwili ulikuwa ukifanywa na watu wengine, benchi la pili, na wale hawakuwa wakihesabu, walikuwa wakipiga tu soga na mwili unatoka. Nimeweka kando, nikarudi kwenye mikono minne ya kwaya iliyobaki, halafu mduara wa kofia ya Alamin. Mduara ni mkono tu uliojishika mkia.

Mei 10, Jumamosi

Wageni wa binti ya Celestine wamekuja. Nilikuwa nimefikisha vitambaa vitatu kati ya saba, na vitatu hivyo kila kimoja kilikuwa na ukubwa wake. Celestine amefunika makochi mengine kwa leso. Nilipoenda kusalimia wageni alinivuta jikoni.

"Sitati, hiki cha kati ni kitambaa au ni sahani?"

"Hiyo ni dizaini. Makochi hayapaswi kufanana kama wafungwa."

"Na sweta zangu? Kwaya inaimba Juni mwisho, kila mtu anauliza."

"Mikono yote iko tayari."

"Kwani tutaimba tukiwa tumepunga mikono tu?" Halafu akashika bega langu, sauti ikashuka. "Baba Mitchelle, kama umelemewa sema. Nitatafuta mtu mwingine."

Nilicheka sana. Nikamwambia niliwahi kuvalisha timu nzima ya mpira wiki moja, pamoja na refa. Sielewi kwa nini alinitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa.

Mei 24, Jumamosi

Leo nimeona kitu ambacho ningependa kisiwe.

Milcah alikuwa anachoma mahindi kwenye jiko kizingitini, mimi nimekaa karibu na mkono wa kwaya magotini, ule wa nane, naushona mkunjo wa mwisho. Cheche ikaruka kutoka jikoni ikatua kwenye mkono ule. Nikaipiga haraka. Sasa, uzi wa kwaya ni wa dukani, ule wa plastiki. Ukishika moto unayeyuka, unakuwa tone gumu jeusi, unanuka kama ndoo iliyoungua. Huu haukuyeyuka. Ulizima wenyewe ukaacha jivu laini, na harufu ikapanda puani kwangu.

Harufu ya nywele.

Sufu, manyoya ya kondoo. Kardigani ya dada yangu ilikuwa sufu tupu, ndivyo ilivyokuwa wakati ule.

Nimechukua kiberiti. Nimekaa nyuma ya choo kama mvuta bangi na ile mikono yote kumi na moja, kofia na mwili, nikichomoa unyuzi mmoja mmoja kila mahali na kuuwasha. Mkono wa kwaya wa kwanza, plastiki. Wa pili, wa tatu, wa nne, plastiki. Wa tano, nywele. Wa sita na wa saba, nywele. Wa nane ninaujua. Miwili ya mtoto, niliyoifuma kabla ya beseni, nywele. Mduara wa kofia ya Alamin, nywele. Ile mistari thelathini ya mwili wa mtoto, niliyoifumua na kuifuma mara sita, ambayo nimekuwa nikiishika kama yai: plastiki. Yote.

Dada yangu yuko kwaya. Yuko kichwani kwa Alamin. Yuko kila mahali isipokuwa kifuani pa mtoto, pale alipoombwa awe.

Milcah ameuliza harufu ya nini. Nimesema wamechoma mbuzi jirani.

Mei 25

Mvua. Sikuenda kanisani. Nisingeweza kuitazama ile safu ya mbele.

Juni 1

Hakuna nilichofuma. Hii ndiyo mara ya kwanza tangu kiwanda.

Juni 5

Kesho ni Idi. Kofia ya Alamin ndiyo kitu pekee kilichokwisha mwaka huu, na imekwisha vizuri. Alikuja kuichukua baada ya kufunga duka. Nikaishika nikashindwa kuiachilia. Tukawa tunavutana, watu wazima wawili.

"Mzee Sitati, kuna nini?"

Nikamweleza. Sikusema yote. Nikasema tu mduara ule ni wa dada yangu, ni wa mtoto wa Nerima, na nimekosea.

Alivaa ile kofia, akajitazama kwenye kioo cha pikipiki iliyokuwa imeegeshwa pale, akaivua, akanirudishia. "Toa mduara. Kofia bila mduara bado ni kofia. Mimi nikienda kusali na uzi wa mtoto wa watu nitasema nini?"

Nilifumua mbele yake. Dakika kumi. Nyeupe ilibaki nyeupe, na ameenda nayo.

Juni 8, Jumapili

Nafumua mikono minne ya kwaya. Celestine aliingia bila hodi akakuta.

"Sitati! Unafumua kwaya yangu?"

"Si yako, mama. Nusu yake ilikuwa si yako tangu mwanzo."

Alipiga kelele mpaka jirani wakazima redio ili wasikie vizuri. Kwamba amenitetea, kwamba watu walimwonya, kwamba Nyongesa alisema mbele ya kanisa zima. Nilimwacha amalize. Milcah ndiye aliyemwonyesha kiti na kumpa kikombe, wakanong'ona jikoni. Walipotoka Celestine alikaa mbele yangu, akanyoosha mikono yote miwili kama mtu anayepokea mtoto, akasema kwa hasira, "Haya, zungusha. Unafumua kama kuku." Nikazungusha uzi kwenye mikono yake mpaka mkono wa nane ukaisha.

Mabonge matatu, na kipande. Kuna uzi umepotea kwa cheche na kwa kiberiti changu.

Juni 9

Levis amepiga simu. Nerima ana presha, miguu imevimba. Daktari amesema alale hospitali na mtoto anaweza kuja kabla ya siku zake.

Nikauliza niongee naye. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Anko, nataka tu kujua iko tayari. Nikijua iko tayari nitalala."

Nikasema iko tayari.

Nilipogeuka Milcah alikuwa amesimama nyuma yangu, amekunja mikono. Nilianza kumweleza kwamba mvua, kwamba beseni, kwamba mwili una mishono mingi. Alininyamazisha kwa kiganja.

"Baba Mitchelle. Mimi nimekaa na sweta ya mkono mmoja mwaka wa pili. Unafikiri sijui?"

"Unajua nini?"

"Pale kiwandani ulikuwa benchi la mikono. Miaka kumi na tisa, mikono tu. Kila siku ya mshahara nilikuwa nakungoja pale langoni, niliona ubao. Sitati, mikono. Nyongesa, shingo. Hukuwahi kugusa mwili wala shingo. Sikusema kwa sababu wanaume hupenda kuwaambia watu mambo, na hili halikuumiza mtu."

Nilitaka kumkumbusha habari ya ile treni.

"Sasa linaumiza," akasema. "Mwili nitakuonyesha mimi, mama yangu alinifundisha. Shingo mimi siiwezi. Nenda kwa Nyongesa."

Juni 10 hadi 13

Milcah anahesabu kwa sauti, mimi nafuma, uzi mara mbili kwa ajili ya baridi. Nikipotea ananirudisha mstari uleule bila kucheka. Nilikuwa nikidhani maneno yake kwangu ni kelele tu. Kumbe alikuwa akinihesabia muda wote.

Mwili umekwisha, mbele na nyuma, na ile mikono miwili tumeishonea. Una upana wa viganja viwili.

Juni 14, Jumamosi

Nimeenda Section 58 kwa miguu kwenye manyunyu, mfuko chini ya koti. Nyongesa ana chumba nyuma ya nyumba ya mwanawe. Alikuwa amekaa mlangoni anapepeta maharagwe kwa vidole, na nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake kabla hajainua kichwa.

"Nani?"

"Ni mimi. Sitati."

"Sitati wa mikono."

Nilikuwa nimekuja na jibu tayari la maneno kama hayo, nililipika njia nzima. Nikasema, "Ndiyo."

Ndipo nikaona macho yake. Yamefunikwa na kitu cheupe kama utando wa maziwa. Hakuna aliyeniambia. Au niliambiwa nikafurahi kutosikia.

Nilimwekea ile sweta mikononi. Alitembeza kidole gumba juu ya uzi, mara moja, akasimama.

"Hii ni kardigani ya dada yako."

"Umejuaje?"

"Shingo yake niliifunga mara tatu. Kila wiki alikuwa anarudi anasema inambana." Akageuza uso upande wa barabara. "Haikuwa inambana."

Mimi ambaye nina hadithi ya kila kitu, ile sikuwa nayo.

Halafu nikamwambia, "Ulisema mbele ya watu kwamba sijawahi kumaliza sweta."

"Nilikosea?"

"Hapana."

"Na mimi sijawahi kuanza moja," akasema. "Shingo zote zile, Sitati, maelfu. Mtu ananiletea sweta imeshakuwa sweta, mimi nafunga. Siku mwanangu aliponiomba nimfumie, nilikaa na sindano tupu mpaka akaacha kuuliza. Kwa hivyo nilikusema wewe."

Nikamwomba afunge shingo ya mtoto. Akacheka, akajipiga kidole kando ya jicho. "Nifunge na haya? Nitamfunga mtoto na kiti. Wewe utafunga. Mimi nitashika nikuambie ukikosea."

Alikaa nyuma yangu, mikono yake juu ya yangu, tukafanya hivyo mpaka mvua ikasimama na ikaanza tena. Nilidondosha mishono mara nne. Mara nne alihisi kabla yangu. "Rudi. Hapo kuna shimo." Uzi ukaanza kuwa mfupi. Mkono wangu ulitaka kukaza ili uzi utoshe, yeye akawa anapiga kidole changu: "Usikaze! Kichwa cha mtoto si chupa." Mwishoni akauliza vifungo viko wapi. Nikasema vilipotea. Nikatia mkono mfukoni mwa koti kutafuta kitambaa cha kujifuta uso na nikavikuta, vyote vinne, vimefungwa kwenye karatasi ya majani ya chai. Milcah.

Kimoja kimekaa begani, ili shingo ifunguke. Uzi uliobaki ni wa urefu wa kiganja changu.

Juni 19

Amezaliwa. Msichana, mdogo sana, wiki mbili na zaidi kabla ya siku zake. Wote wawili wanapumua. Levis alikuwa analia kwenye simu, akaniambukiza. Wamempa jina la dada yangu.

Julai 5, Jumamosi, Olenguruone

Naandika hapa kwa Levis. Ukungu umekaa mlangoni kama mgeni ambaye hajakaribishwa. Nimekuja na Milcah. Watu wa hapa walikuwa wamejaa nyumba nzima, wana mablanketi yenye maua, shali, soksi, kofia za masikio, kila kitu kipya na kina lebo. Mama Levis, jina lake Jerotich, mrefu, wa maneno machache, aliviweka kwenye kiti kimoja. Halafu akageuka kwangu.

"Na upande wa mama?"

Nimetoa sweta kwenye gazeti. Ni ndogo, haina maua. Nerima aliishika akaipeleka usoni moja kwa moja, kabla ya kuiangalia, akakaa hivyo. Nilijua anatafuta harufu, na nilijua beseni la Milcah limeiondoa. Lakini alipoinua uso alikuwa anaangalia kile kifungo cha begani. Akakigusa.

"Hiki nilikuwa nakinyonya nikibebwa," akasema.

Wakamvalisha mtoto. Kichwa kilipita kama barua, kifungo kikafungwa, shingo ikamkaa sawasawa, hata unywele haukukwama. Mikono ikampita. Mikono yangu mimi, fundi wa mikono! Ilimpita kila upande kwa kiganja kizima, ikaning'inia kama ya mzimu. Mama Jerotich akaivuta, akaitazama, akasema, "Mikono ni mirefu."

Kila mtu akaniangalia. Nilikuwa na jibu. Nilikuwa na majibu matatu, moja likiwa na treni.

"Mirefu sana," nikasema.

Mama Jerotich akazikunja ncha zake mara mbili, vidole vya mtoto vikabaki ndani. "Vizuri," akasema. "Huku ni baridi." Akachukua mablanketi yote yenye maua akayatandika chini ya mtoto, sweta ikabaki juu.

Baadaye Nerima alinivuta kando. "Anko, hii shingo ulijifunzia wapi? Sijaona shingo nzuri hivi."

"Sikuwa najua kufunga shingo," nikamwambia. "Maisha yangu yote. Nyongesa alinishika mikono."

Akacheka. Kwa pua.

Julai 13, Jumapili

Tumerudi. Mvua imepungua, paa halijapungua. Bado nina mikono minne ya kwaya, ingawa Juni waliimba bila sweta, vitambaa vinne vya Celestine, skafu ya Cheptanui ambayo sijaianza, na mkono wa Milcah wa rangi mbili. Nyongesa ameletwa na mwanawe baada ya ibada, akakaa kwenye kochi na sindano mbili na uzi wa kwaya. Anataka kuanza sweta yake ya kwanza. Ameniuliza mishono mingapi, nami nimemuuliza Milcah.

Milcah naye ameuliza sweta yake itaisha lini.

Nimemwambia sijui.

Akaja akakichukua kitabu hiki kutoka magotini mwangu, akaangalia kama nimeliandika hilo. Nimeliandika.